Kila Mmoja Amekuja na Kibaba cha Kwao

Barua ya wazi kwa Washauri wa Wanafunzi na kamati za malazi za vyuo vikuu vya umma Tanzania

Waheshimiwa,

Naandika kutoka Singida, ninakofundisha kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka nawasindikiza vijana wanaokuja kwenu, na wengi wao hawaachi kunipigia simu.

Jumapili moja msichana niliyemfundisha alinipigia kwa video kutoka chuoni. Yuko mwaka wa kwanza. Alikuwa amekaa kitanda cha juu cha dabo deka, shingo ameipinda kwa sababu dari iko karibu, akanitembeza chumbani kwa furaha ambayo sikuwa na moyo wa kuikatisha. Pazia walilonunua kwa kuchangishana. Soketi mbili. Ndoo zilizopangwa nyuma ya mlango. Halafu akasema kwamba juzi walijaza dodoso la chuo kuhusu malazi, na penye swali la ameridhika kiasi gani na chumba chake, yeye aliweka vema kwenye "Nimeridhika sana".

Nikamwuliza mnalala wangapi. Akahesabu vitanda, akahesabu na godoro la chini. Saba. Chumba cha watu wanne.

"Sasa umeridhikaje?"

Akacheka. "Jamani, madam. Kwani kwetu tulikuwa tunalala wangapi?"

Nilikaa kimya, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu langu mwenyewe miaka mingi iliyopita. Nami nililala katika hosteli ya chuo kimoja cha umma, nami nililetewa karatasi yenye ngazi tano, na bila kusita nikaweka vema kwenye ngazi ya juu kabisa. Nawaandikia kwa sababu ya vema ile. Ilikuwa ya kweli, niliitoa kwa moyo mmoja, na iliwapotosha.

Nilizaliwa kwenye nyumba ya tembe, wilaya ya Iramba. Kwa ambaye hajawahi kuingia kwenye tembe, ni nyumba ya miti na udongo, paa lake limelala bapa na limefunikwa udongo, madirisha ni matundu ya kupitisha mwanga kidogo na moshi mwingi. Tulikuwa tisa. Mimi na dada zangu wawili tulilala na bibi kwenye kitanda cha kamba, na bibi akiugua mmoja wetu alihamia chini kwenye ngozi. Maji tulifukua mchangani, korongoni. Kiangazi kilipokolea kisima kilizama mpaka mmoja anaingia ndani, anachota kwa kata na kumpa aliye ukingoni. Kidato cha tano nikapangiwa shule ya bweni: vitanda arobaini kwenye ukumbi mmoja, tranka chini ya kitanda, foleni ya bwalo asubuhi, mchana na jioni.

Mtu huyo ndiye aliyefungua mlango wa chumba chenye vitanda vinne, swichi ukutani na bomba mwisho wa korido. Usiku wa kwanza niliamka mara mbili kwenda kufungua koki ili nihakikishe maji bado yanatoka. Nilimwandikia mama kwamba nakaa mahali pazuri kuliko nyumba ya mwalimu mkuu wetu wa msingi. Mngeniuliza lolote wiki ile ningewapa alama zote.

Chumbani tulipangwa wanne. Mmoja alitoka Mbezi Beach, Dar es Salaam, mji ule ule wa chuo chetu, nyumba yenye uzio na mlinzi, na tangu azaliwe hakuwahi kulala chumba kimoja na mtu asiye ndugu yake. Mmoja alitoka Pemba. Wa nne alitoka Geita, na yeye alikuwa na habari yake: shule yao ya kata ilikuwa mbali na kwao, basi tangu akiwa na miaka 14 alipangishiwa chumba kijijini jirani na shule, peke yake, mlango wa bati, kufuli la kununua gulioni. Kwake hosteli ilikuwa na kitu kimoja kilichozidi vyote, askari getini. Alisema chuoni ndipo alipoanza kulala usingizi wa kweli. Dodoso lilipokuja naye aliridhika sana, na sababu yake haikuhusiana kabisa na yangu. Kwenye hesabu zenu tulihesabiwa pamoja.

Gulioni kwetu nafaka bado inapimwa kwa kopo, kama zamani ilivyopimwa kwa kibaba, vibaba vinne pishi moja. Aliyezoea gulio anajua kwamba kopo la huyu si kopo la yule. Kuna lililobonyezwa kitako, kuna lililokatwa ukingo. Mnunuzi mwenye akili hulitazama kopo kwanza, ndipo aulize bei. Dodoso lenu linauliza bei bila kulitazama kopo. Kila mmoja wetu wanne alikuja na kibaba cha kwao, akapima chumba kile kile, akaandika alichopata. Kisha mtu ofisini alijumlisha majibu yetu akagawa kwa idadi yetu, akapata wastani ambao haukuwa wa yeyote kati yetu.

Sasa nifike kwenye vyoo.

Koridoni kwetu vilikuwa vinne. Katikati ya muhula wa kwanza viwili viliziba, fundi bomba akaja mara moja, akavifunga kwa waya, hakurudi. Wiki za mitihani kilibaki kimoja kinachofanya kazi. Kwenye orodha ya malazi koridoni tulikuwa arobaini. Kwa hakika tulizidi sabini, kwa sababu ya kubebana. Nyie mnalijua neno hili vizuri, nalitaja kwa ajili ya wazazi watakaosoma: mwanafunzi aliyekosa kitanda huhifadhiwa na mwenzake aliyepata, wanalala wawili kitanda kimoja au anatandika chini, na kwa mujibu wa kanuni wote wawili wana makosa.

Yule wa Mbezi aliandika barua. Aliiandika vizuri, kwa kompyuta, ikiwa na tarehe ya kila siku aliyokwenda kutoa taarifa, jina la ofisi aliyoikuta imefungwa na saa aliyoikuta. Akapita nayo chumba kwa chumba kuomba saini. Walisaini sita. Mimi sikusaini. Nilimwambia, na maneno haya bado yananiuma, "Sisi kwetu hatuna hata hicho kimoja." Matroni alipoipokea alimwangalia juu mpaka chini, akasema mbele ya watu, "Watoto wa geti kali mnapata tabu sana." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Mwaka ule niliugua yutiai, ugonjwa wa njia ya mkojo, mara tatu. Dawa za mara mbili nilizinunua kwa pesa ya bumu, ile posho ya mwanafunzi, nikala mihogo ya kukaanga mpaka bumu lingine. Mara ya tatu daktari wa zahanati, mama mtu mzima, aliacha kuandika akaniuliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nikamwambia kidogo. Kwa nini? Kwa sababu nikinywa nitataka kwenda chooni usiku. Na mchana je? Mchana nabana mpaka niende vyoo vya maktaba. Akaweka kalamu chini. Ndipo niliposikia kwa masikio yangu nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nimejifunza kuishi bila choo hata bila kujua kwamba nimejifunza, kama nilivyojifunza nyumbani kuoga kwa kata moja ya maji. Mkono wangu ulikuwa umeandika "Nimeridhika sana". Figo zangu zilikuwa na jibu lingine, na hakuna aliyeziuliza.

Baadaye, nikisomea ualimu wa hesabu, nilikutana na maandishi ya Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kuna mfano wake sijausahau. Mwaka 1944, mwaka mmoja baada ya njaa kuu ya Bengal, watafiti waliwauliza wajane na wagane hali za afya zao. Katika kila wagane 100 karibu 49 walisema ni wagonjwa au hawako vizuri. Kwa wajane wanawake, ambao kwa maisha ya wakati ule ndio waliokuwa na hali ngumu kupita wote, waliosema hivyo hawakufika hata 3 katika 100. Wangesomwa kwa majibu yao tu, tungesema ujane ni dawa. Wanawake wale hawakudanganya. Walikuwa wamezoezwa kuona kwamba maumivu yao ndiyo hali ya kawaida ya mtu, na mtu haripoti hali ya kawaida.

Nilipousoma ukurasa ule nilikumbuka koridoni kwetu, nikaona aibu upya kwa ajili ya barua niliyokataa kuisaini.

Waheshimiwa, neno la matroni yule halikuanzia kwake. Tuna historia nalo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400 kati ya waandamanaji. Siku ile ile akajikata mshahara wake asilimia 20. Sitaki kuihukumu siku ile kutoka huku niliko. Mshahara aliojikata unaonyesha kwamba alichokifanya alikiamini. Lakini tangu hapo limebaki masikioni mwetu wazo kwamba mwanafunzi wa chuo anayelalamika ni mtu aliyedekezwa na jasho la wakulima, na sisi watoto wa wakulima hao ndio tumelishika kuliko wote. Ndiyo maana saini zilikuwa sita.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo wenzangu wa huku hawatalipenda. Yule wa Mbezi, mtoto wa kishua, alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kwa sababu choo kilichoziba kimeziba, haijalishi nani amekiona. Kibaba chake kilikuwa kikubwa kuliko changu kwa sababu kwao maji yalitoka kila siku, na kwa kibaba hicho aliweza kuona pengo ambalo mimi nililiita neema. Zaidi ya hapo, kwao walimfundisha kitu ambacho sisi hatukufundishwa, kwamba ofisi inaandikiwa barua, na kwamba barua isipojibiwa inaandikwa nyingine. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na alama nzuri, na sikujua kwamba mtu wa kawaida anaweza kumwandikia mlezi wa bweni kuhusu choo. Kulalamika nako ni elimu, na inatolewa nyumbani. Basi mkihesabu malalamiko mnapata ramani ya waliofundishwa kulalamika. Nimewahi kusikia kwamba bweni lenye watoto wa mjini wengi hupelekewa fundi mapema kwa sababu "lina kelele", na bweni tulivu husubiri. Kama kwenu si hivyo, nitafurahi sana.

Ila msidhani yaliyofichika ni ya umaskini tu. Nirudi kwa Mpemba wetu, maana nadhani yeye ndiye aliyepata tabu kuliko sisi wote, na ndiye aliyenyamaza kuliko sisi wote.

Kwao hawakuwa maskini. Baba yake alikuwa na karafuu na duka. Alitoka kwenye nyumba inayojua nani anaishia wapi: mgeni wa kiume barazani, jamaa ukumbini, wanawake ndani na uani. Nyumba kama ile inamfundisha msichana kwamba mwili wake una mipaka, na mipaka hiyo inajengwa kwa ukuta. Hosteli yetu ilikuwa na bafu la sehemu nne zisizo na milango. Chumbani tulikuwa wanane tukiwahesabu waliobebwa, na kila jioni walikuja wageni wa wageni. Mafundi wa umeme waliingia koridoni bila hodi. Mwaka mzima alilala na mtandio kichwani. Alikuwa akiamka saa nane usiku, nami nikimwona anatoka nadhani anakwenda kusoma, nikamsifu kwa wenzangu kwamba yule binti ana bidii. Alikuwa anakwenda kuoga wakati ambapo hakuna mtu. Halafu anabaki macho mpaka alfajiri, atie udhu kwa yale maji aliyobakiza kwenye kopo, aswali kati ya magodoro mawili, na saa mbili awe darasani. Mwaka wa kwanza alipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia.

Nilimwuliza siku moja mbona hasemi. Akanijibu, "Nastahamili tu, dada."

Dodoso lile liliuliza maji, umeme, usafi, ulinzi, ukubwa wa chumba na umbali wa madarasa. Stara haikuwamo. Alijaza yote, na mwisho akaweka vema katikati, "Nimeridhika kiasi". Angefanyaje? Milango minne ya mbao ingemrudishia usingizi wake, na hakukuwa na mstari wa kuiomba.

Kuna pia suala la Ijumaa. Yule wa Mbezi kila Ijumaa jioni alifunga begi la nguo chafu akapanda daladala kwenda kwao, akarudi Jumapili usiku amekula, amelala, ana nguo safi na sufuria la wali. Hosteli kwake ilikuwa mahali pa kulala siku tano. Mimi sikutoka pale tangu Oktoba hadi likizo ndefu, nauli ya Singida ilikuwa nusu ya bumu. Choo kile kile, bomba lile lile, yeye alikutana nalo siku tano katika saba, mimi siku zote. Bado yeye ndiye aliyelalamika na mimi ndiye niliyeridhika. Mtu akisoma dodoso bila kujua hili atasema watoto wa mjini ni wagumu kuridhika, na ataishia hapo.

Jambo la mwisho kuhusu miaka ile, nitalipitia haraka. Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani nikaona giza la tembe kama ninaliona mara ya kwanza. Kitanda cha bibi kiliniumiza mgongo. Nililia usiku, na sijui nilikuwa namlilia nani. Mwaka wa tatu tulipangwa bweni lingine lililopakwa rangi, vyoo vitatu kati ya vinne vilifanya kazi, nikaletewa dodoso, na mkono wangu ukaweka vema kwenye "Sijaridhika". Bweni lilikuwa bora kuliko la kwanza. Kilichobadilika ni kibaba. Ofisini kwenu bila shaka mwaka ule ulionekana kuwa mbaya.

Najua mtasema, mwalimu, unazungumza kama vyumba vinaota. Najua havioti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 pale Mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kwa miaka mingi aliyechaguliwa chuo alikuwa amechaguliwa pia kitanda na sahani. Idadi ilivyokua, na uchangiaji wa gharama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kitanda kikawa kitu cha kuomba. Dodoma mwaka 2007 serikali ilianza chuo kipya chenye lengo la kufikia wanafunzi 40,000, na mabweni yakasambaa vilimani. Mlimani, Aprili 2017, yalifunguliwa majengo 20 yenye nafasi 3,840 kwa mpigo, na nilifurahi kama mzazi ingawa sikuwa na mtoto pale. Bodi ya Mikopo inatoa fedha ya kila siku kwa chakula na malazi, na anayekosa hosteli anaitoa hiyo hiyo kulipia geto la mtaani, nauli na ugali. Mzigo wenu ni mkubwa. Siwaombi majengo katika barua hii. Naomba mbadilishe namna ya kutusikia, maana hilo halina gharama ya saruji.

Hesabuni vitu kabla ya kuuliza hisia. Vyoo vingapi vinafanya kazi leo koridoni, bomba lilitoa maji saa ngapi hadi saa ngapi wiki hii, bafu zina milango mingapi, miili mingapi imelala chumbani usiku wa jana. Mtoto wa tembe na mtoto wa Mbezi wakihesabu vyoo watapata idadi moja. Na ili miili ihesabike, tangazeni kwamba siku ya kuhesabu hakuna atakayeadhibiwa kwa kubeba au kubebwa. Hao waliobebwa hawamo kwenye orodha, kwa hiyo hata dodoso hawaletewi. Ndio wenye shida kuliko wote wa hosteli zenu na hawana hata ngazi moja ya kuweka vema.

Mkishahesabu, ulizeni. Kuuliza si kosa. Mtafiti Dolapo Amole aliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu vinne vya kusini-magharibi mwa Nigeria, akachapisha mwaka 2009 kwamba asilimia 53 hawakuridhika na malazi, na takwimu ya namna hiyo inamsaidia mtu anayepigania bajeti. Ninachoomba ni mlitazame kopo pamoja na nafaka. Mwulizeni mwanafunzi nyumbani kwao analala na wangapi, maji wanayatoa wapi, kama amewahi kukaa bweni, kama wikiendi ana pa kwenda. Mwachieni mstari mtupu wenye maneno "Kuna jambo unalolifanya usiku au alfajiri kwa sababu ya hali ya bweni?" Mpemba wetu angeandika hapo. Nami pengine ningeandika kwamba sinywi maji. Mrudie swali wiki ya pili na tena mwishoni mwa mwaka, muone nani kibaba chake kimebadilika. Na mwulize hili pia: choo kikiziba, unamwambia nani? Wakiwa wengi wasiojua, tatizo hilo ni lenu kabla halijawa la fundi. Siku ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, kati ya hotuba zile ndefu, mtu mmoja asimame dakika tano awafundishe kuandika barua ya kulalamika, awaambie iwekwe wapi na ijibiwe ndani ya siku ngapi. Kuna watoto ambao hawatalisikia hilo popote pengine.

Naogopa kitu kimoja katika haya ninayoyaomba. Mkijua nani katoka wapi, msije mkasema basi wa tembe wapewe chumba cha wanane kwa kuwa hawaumii, na wenye uwezo wajengewe hosteli za kulipia zenye milango. Hapo mtakuwa mmetuumiza kwa karatasi yetu wenyewe. Hali ya kwao isomwe ili jibu lake lieleweke. Kitanda, mlango wa bafu na choo vipimwe kwa kipimo kimoja, kilichoandikwa na chuo, kinachojulikana na kila mwenye ufunguo. Nami nawaomba kwa heshima msiruhusu tena mfanyakazi yeyote wa bweni amwambie mwanafunzi "geti kali", wala amwambie mwingine "kwani kwenu mlikuwa na nini". Yote mawili nimeyasikia. La kwanza lilimnyamazisha mwenzangu mmoja. La pili lilininyamazisha mimi, na nilijiambia mwenyewe bila kusubiri kuambiwa.

Upande wangu nimeanza. Darasa langu la kidato cha sita mwaka huu limeandika barua za kulalamikia bomba la bweni letu wenyewe, na mkuu wa shule, baada ya kukunja uso siku mbili, ameleta fundi.

Yule msichana wa simu ya video, sitawapa jina lake wala la chuo chake, kwa sababu wenzake watatu hawatakiwi kuwamo chumbani humo na sitaki walale nje. Fomu yake mnayo. Imo katika zile zilizojaa vema ngazi ya juu. Kabla hamjaijumlisha na nyingine, naomba mmoja wenu apande ngazi siku moja baada ya saa nne usiku, abishe hodi, na ahesabu magodoro.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa hesabu, kidato cha tano na cha sita
Singida